Kaburi lenye Ankh: Nikimfuata Amelia Edwards kutoka London hadi Weston-super-Mare

Kabla ya safari

Mimi ni mwalimu wa Historia, mzaliwa wa Mwanza, na mto Nile kwetu ni habari ya nyumbani, kwa kuwa maji ya ziwa letu ndiyo yanayotoka Jinja kwenda Misri. Nilikuwa natafuta kitu cha kuwasomea Kidato cha Tatu kuhusu mto huo, nikakutana na *A Thousand Miles up the Nile*, kitabu cha mwaka 1877 cha mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Amelia Edwards. Alipokuwa akipanda Nile kwa jahazi, majira ya baridi ya 1873 kuingia 1874, Stanley alikuwa bado hajaishusha mashua yake ziwani karibu na Mwanza. Wazungu walikuwa bado wanabishana mto unaanzia wapi. Bi Amelia hakujiingiza katika ugomvi huo. Alifika maporomoko ya pili, karibu na Wadi Halfa, akageuza.

Kilichoniteka ni kejeli yake. Anakiri wazi kwamba Misri alikwenda kukimbia mvua ya Ufaransa. Baadaye nikajua kwamba kabla ya Misri alikuwa ameshapata jina kama mtunzi wa riwaya. Nikajiuliza: riwaya hizo ziko wapi?

Basi mdogo wangu anayeishi Reading aliponialika likizo ya Juni 2025, nilikubali nikiwa na ratiba yangu mfukoni. Viza ya mgeni ya miezi 6 ilikuwa pauni 127, na pauni moja wakati huo ilizunguka shilingi 3,500, kwa hiyo piga hesabu ukiwa umekaa. Omba mapema. Barua ya mwenyeji, taarifa ya benki na barua ya mwajiri viwe tayari kabla hujagusa fomu. Kuhusu ndege sina la kusema zaidi ya kwamba miguu ilivimba.

Jumanne, 10 Juni: London

Reading ni kituo kizuri kwa safari ya aina hii, maana London, Oxford na Bristol zote zinafikika kwa treni bila kubadilisha. Ukiondoka baada ya saa tatu na nusu asubuhi nauli inashuka sana. Mdogo wangu alinizuia mlangoni mpaka saa ifike, kama mama anayemzuia mtoto asiende kucheza kabla hajala.

Nilianzia Wharton Street, mtaa wa mteremko usio mbali na stesheni ya King's Cross. Nyumba ni za matofali, zimebanana, na kwenye mmojawapo wa ukuta kuna bamba la duara la bluu lenye jina lake. Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1831. Baba alikuwa askari aliyestaafu akaingia kazi ya benki, mama ni Muayalandi, na ndiye aliyemfundisha nyumbani. Shairi lake la kwanza lilichapishwa akiwa na miaka 7. Alijaribu muziki, akapiga kinanda cha kanisani kwa muda, akaacha. Kalamu ndiyo ilileta hela. Riwaya ya kwanza ikatoka 1855, na ile iliyomweka mjini, *Barbara's History*, ikatoka 1864. Ndani yake kuna msichana aliyeolewa na mwanamume ambaye huenda ana mke mwingine, na wasomaji wa wakati ule waliigombania.

Bamba linamtaja kama mwandishi na mtaalamu wa Misri ya kale. Nilipiga picha. Bwana mmoja aliyekuwa akitoa pipa la taka akajitolea kunipiga nikiwa nimesimama mbele ya bamba, akanielekeza njia ya mkato ya kwenda Chuo Kikuu cha London, UCL. Mwendo wa nusu saa hivi, magari ya Euston Road yakinguruma masikioni.

Makumbusho ya Petrie yamejificha ndani ya eneo la chuo, Malet Place, kwenye jengo ambalo huwezi kulidhania. Kuingia ni bure. Siku za katikati ya wiki hufunguliwa mchana, kwa hiyo usiende asubuhi. Vyumba si vikubwa, lakini vitu ni zaidi ya 80,000: vyungu, shanga, vipande vya mawe vyenye maandishi, droo juu ya droo. Mhudumu mmoja kijana aliniona ninavyokodoa macho kwenye kabati lenye giza, akaniletea tochi.

Hapo nilikaa mbele ya gauni la Tarkhan mpaka miguu ikauma. Ni nguo ya kitani yenye umri wa miaka elfu tano na zaidi, ya kale kuliko nguo yoyote ya kufumwa inayojulikana. Ilichimbwa 1913 ikiwa katika furushi la matambara machafu, na hakuna aliyeitambua mpaka 1977, walipolifungua furushi hilo ili kulisafisha. Mikono ina mikunjo midogo midogo. Kwenye viwiko na kwapani bado kuna makunyanzi yaliyoachwa na mwili wa aliyeivaa. Huyo mtu alivua nguo yake kwa kuipindua ndani nje, kama tunavyovua sote tukiwa na haraka.

Makumbusho haya yalizaliwa kwa wosia wa Bi Amelia. Alipokufa 1892 aliiachia UCL vitu vyake vya Misri, vitabu, na fedha za kuanzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa elimu ya Misri ya kale nchini Uingereza. Kwa nini UCL na si Oxford wala Cambridge? Kwa sababu Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimewafungulia wanawake mlango wa shahada tangu 1878, na wale wengine walikuwa bado wanawanyima. Masharti ya kiti hicho aliyaandika kwa ujanja: mwalimu awe hajafikisha miaka 40, na asiwe mfanyakazi wa British Museum. Ukiwachuja watu wa wakati ule kwa chekecheke hilo, anabaki Flinders Petrie peke yake, mchimbaji wa mambo ya kale. Ndiye aliyepewa, na ndiye mwenye jina mlangoni.

Hilo lilinikera kidogo. Fedha za mama, jina la kijana aliyempendelea. Nilimuuliza yule mhudumu, akacheka, akasema sikuwa wa kwanza kuuliza.

Duka la vitabu karibu na chuo walikuwa na kitabu cha Nile. Riwaya? Muuzaji alitafuta kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. Ushauri: riwaya zake zote zimeshatoka kwenye hakimiliki, na nyingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Pakua kwenye simu kabla hujasafiri.

Chakula cha mchana: mkate wenye mayai na chai, karibu pauni 8. Basi la ndani ya London lilikuwa pauni 1.75, na unagusa kwa kadi ya benki. Fedha taslimu hawapokei.

Jumatano, 11 Juni: Oxford, kwa kifupi

Vitabu vyake vingi vilikwenda Somerville, chuo kilichoanzishwa 1879 kwa ajili ya wanawake. Mtafiti anayetaka kuona karatasi zake anapaswa kuandika mapema na kupangiwa siku. Mimi sikuwa na utafiti, nilikuwa na hamu tu, kwa hiyo nilitazama lango na bustani, kisha nikaenda Ashmolean, makumbusho mengine ya bure yenye vyumba vizuri vya Misri na Nubia. Mji umejaa watalii. Jioni nilikuwa Reading nakula ugali wa unga wa mahindi mweupe, ambao mdogo wangu hununua kwenye duka la Mzimbabwe.

Alhamisi, 12 Juni: kwenda Bristol

Tiketi ya treni iliyokatwa wiki mbili kabla ilinitoka chini ya nusu ya bei ya siku ile ile. Lakini tiketi ya namna hiyo inakufunga kwenye treni moja, na yangu ilisimama porini, mvua ya radi ikipiga madirisha, kwa karibu dakika 40. Behewa zima lilinyamaza kwa adabu. Kwetu tungeshajuana majina na makabila. Mama mmoja mkabala nami alivunja ukimya kwa kufungua mkebe wa biskuti na kuupitisha, na baada ya hapo watu wakaanza kuulizana wanakwenda wapi.

Kuna mawazo yanayokuja vizuri treni ikisimama. Nilisoma tena sehemu ya Abu Simbel. Jahazi lao, Philae, lilikaa hapo siku 18. Waligundua chumba kidogo chenye michoro kilichofukiwa na mchanga, na Bi Amelia akapiga magoti kuufukua kwa mikono pamoja na mabaharia. Sura ya mmojawapo wa masanamu makubwa ya Ramses ilikuwa na mabaka meupe ya plasta, yaliyoachwa na mtu aliyechukua nakala yake miaka mingi nyuma. Akawapandisha mabaharia juu na ndoo za kahawa wakaipake irudie rangi yake. Mpishi, anasema, aliduwaa kuona kahawa inavyokwisha.

Safari hiyo ndiyo iliyombadili. Aliona makaburi yakivunjwa na vitu vikiuzwa hovyo, akarudi akiwa na jambo moja kichwani. Alijifunza maandishi ya Misri ya kale mwenyewe. Riwaya ya mwisho, *Lord Brackenbury*, ilitoka 1880, na miaka miwili baadaye, pamoja na Reginald Stuart Poole wa British Museum, alianzisha Egypt Exploration Fund kuchangisha fedha za kuchimba kwa utaratibu. Yeye akawa katibu. Maelfu ya barua, kwa mkono wake. Baada ya hapo hakuandika riwaya tena.

Hapa mimi na wanaomsifu tunatofautiana kidogo. Wote husema alikua, kutoka mtunzi wa hadithi akawa msomi, kana kwamba hadithi ni nguo ya utotoni. Nakiona hicho kitabu cha Nile kimebebwa na mtunzi wa riwaya kutoka ukurasa wa kwanza: anajua lini akuchekeshe, lini akunyamazishe, lini akuache na mpishi ameduwaa. Bila mkono huo wachangiaji wa Manchester na Boston wasingetoa hata senti.

Bristol nilifika jioni, nimelowa. Kitanda kwenye hosteli karibu na bandari: pauni 34 kwa usiku, bila kifungua kinywa. Kabla ya kufunga nilipita duka la vitabu vya mitumba nikauliza tena. Mzee mwenye duka alifikiri, akapanda ngazi, akashuka na mkusanyiko wa hadithi za mizimwi wenye *The Phantom Coach*, aliyoiandika 1864 kwa toleo la Krismasi la jarida la Charles Dickens. Pauni 4. Mwanamume anapotea kwenye nyika yenye theluji, anapata hifadhi kwa msomi aliyejitenga na dunia, halafu usiku anapanda gari la farasi ambalo abiria wake si watu wa kupanda nao. Niliisoma kitandani kwa mwanga wa simu, nikajuta.

Chakula: nenda Easton, mtaa wenye Wasomali wengi. Niliingia mgahawa mmoja nikiwa bado naongea na mdogo wangu kwenye simu. Mama aliyekuwa akihesabu fedha akainua kichwa.

"Ala! Mswahili wangu! Watoka wapi?"

"Shikamoo mama. Natoka Mwanza."

"Marahaba mwanangu. Mie nimekulia Mombasa, hawa watoto wangu ndio wamezaliwa huku. Kaa, kaa, umelowa wewe."

Wali wa Kisomali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni kama inavyotakiwa, pauni 11. Chai ya maziwa alikataa kuichukulia fedha. Alinichorea njia ya mabasi ya kesho nyuma ya risiti.

Ijumaa, 13 Juni: Westbury-on-Trym na Henbury

Mabasi ya hapa wakati huo yalikuwa hayazidi pauni 3 kwa safari, hata uende mbali kiasi gani ndani ya mji. Nilishukia kwanza Westbury-on-Trym. Hapo ndipo Bi Amelia alipohamia 1864, wazazi wake wakiwa wamekufa, kuishi na Ellen Braysher, mjane aliyemzidi umri kwa mbali. Waliishi pamoja mpaka kifo. Nyumba yao, The Larches, haipo tena. Ni mtaa wa watu, una duka la mikate na saluni. Usitegemee kuona kitu. Fikiria tu kwamba hapa, katika kabati la chumbani, kulikuwa na vichwa viwili vya Wamisri wa kale, na mwenye nyumba akitania wageni kwamba huenda usiku vinazungumza.

Basi jingine mpaka Henbury. Dereva alitangaza kituo kwa sauti akinitazama kwenye kioo. "Kanisa, mama. Shuka hapa, uvuke, ufuate ukuta."

Makaburi ya kanisa la St Mary yako chini ya miti mikubwa, majani yalikuwa bado na matone ya jana. Mzee mmoja alikuwa akimtembeza mbwa. Aliponiona nimesimama langoni nageuka huku na huku, akaniuliza: "Umekuja kwa Scipio au kwa Amelia?"

Kwa wote wawili, nikamwambia. Akafurahi. Wengi, alisema, huja kwa mmoja na kuondoka bila kujua kuna wa pili.

Scipio Africanus alikufa tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Alikuwa mtumishi wa Earl wa Suffolk, aliyekuwa na nyumba kubwa hapa Henbury. Hakuna anayejua wazazi wake walimwitaje. Hilo jina ni la jemadari wa Rumi aliyewashinda watu wa Karthago, yaani kijana wa Kiafrika alipewa jina la mtu aliyesifika kwa kuipiga Afrika. Kaburi lake lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, yamepakwa rangi, yana vichwa vya malaika weusi na maua. Beti zilizochongwa zinamsemesha yeye mwenyewe, akishukuru kwamba alizaliwa mpagani na mtumwa na sasa analala Mkristo. Si yeye aliyeziandika. Nilizisoma mara mbili, ya pili kwa hasira.

Juni 2020 waandamanaji wa Bristol waliiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, na kuitupa bandarini. Siku chache baadaye mtu alikuja usiku akalivunja jiwe la Scipio kulipiza. Sasa limetengenezwa. Sanamu ya Colston iko makumbusho ya M Shed, imelazwa chali na rangi yake ya maandamano, na kuiona ni bure.

Mzee alinipeleka mpaka kwa Bi Amelia, kisha akaniachia nafasi. Mnara wa jiwe wenye ncha, na mbele yake ankh kubwa, ile alama ya Misri ya uhai, imelazwa chini juu ya kaburi kama mtu aliyenyoosha mikono. Mjini kwetu jiwe la namna hiyo kwenye makaburi ya kanisa lingeitishiwa kikao. Amelala na Ellen, aliyemtangulia Januari 1892, na binti wa Ellen aitwaye Sarah. Mwaka 2016 kaburi liliingizwa katika orodha ya urithi unaolindwa kisheria, pamoja na maeneo mengine yanayohusu historia ya watu wa jinsia moja walioishi pamoja.

Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima nikila ndizi, nikiwaza juu ya majirani hawa. Mmoja aliletwa kutoka Afrika. Mwingine alitumia miaka yake ya mwisho kuleta vitu vya Afrika. Sisemi ni sawa. Fund lake lilichimba kwa kibali, likagawana na serikali ya Misri kilichopatikana, na yeye alipiga kelele dhidi ya wizi wa makaburi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Lakini mgao wa Uingereza ulipakiwa melini, ukasambazwa kwa makumbusho za waliochangia. Na ndani ya kitabu chake mwenyewe anakiri kwamba uwindaji wa vitu vya kale ulimnogea, hata akijua si halali. Kuna kisa cha wasafiri wenzao walionunua maiti ya kale kwa siri na bei kubwa, wakashindwa na harufu, wakaitosa mtoni baada ya wiki. Anakisimulia kama kichekesho. Kule Wharton Street ningecheka. Hapa, nikitoka kwa Scipio, kicheko hakikuja.

Ushauri wa Henbury: njoo na maji na chakula. Bustani ya Blaise iko jirani, ina vyoo na mgahawa, na karibu yake kuna kijiji cha nyumba ndogo, nyingine za paa la nyasi, kilichojengwa yapata 1811, ambacho kinapendeza hata kama una haraka.

Jumamosi, 14 Juni: Weston-super-Mare

Treni kutoka Bristol ni kama nusu saa, kwenda na kurudi ilikuwa pauni 10 hivi. Bi Amelia alikuja hapa kufa, ingawa hakukusudia. Mwaka 1889 hadi 1890 alizunguka Marekani akitoa mihadhara zaidi ya 100, na huko huko akavunjika mkono. Oktoba 1891 alikwenda Millwall, bandari ya London, kusimamia upakuaji wa mizigo ya Fund katika baridi na unyevu. Mapafu yakashika ugonjwa. Hakupona. Alikufa Weston tarehe 15 Aprili 1892, miezi mitatu baada ya Ellen, akiwa na miaka 60.

Mimi mtu wa ziwani. Nilifika ufukweni, bahari haikuwepo. Tope, tope, tope, na mstari wa fedha mbali kabisa. Niliuliza kwenye kibanda cha aiskrimu maji yamekwenda wapi, yule binti akasema, "Yatarudi, mpenzi." Kumbe tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mlango huu wa Bristol ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Kuna mabango yanayoonya watu wasitembee topeni. Yatii, watu huzama.

Samaki na chipsi ilikuwa pauni 13, samaki mkubwa kuliko sahani. Ziwani tungemla na mifupa, hawa wamemvua kila kitu.

Kwa atakayefuata njia hii: ukiwa na siku moja tu, ruka Weston na Oxford. Anza Petrie mchana, au chukua treni ya asubuhi kwenda Bristol na basi la Henbury, urudi usiku. Ukiwa na watoto, Weston wataipenda kuliko vyote, kuna punda wa kupanda ufukweni. Na *Barbara's History* pakua. Mimi nimefika sura ya kumi na kitu, na shangazi mkali aliyemo humo namfahamu. Tunaye mmoja kwetu Nyegezi.